UZI: Hita ya tenki, shawa ya umeme, sola au hitipampu? Kwa maji yetu ya Dodoma, kipi kinabana uniti kweli?

#1 Mama Wawili Nzuguni
Habari zenu wakuu. Nimehamia Nzuguni mwezi wa tatu, nyumba ya vyumba vitatu, tuko watu watano. Mwezi wa tatu, wa nne na wa tano uniti 75 zilinitosha na chenji ikabaki. Juni baridi imeingia, tukawasha hita ya tenki ya lita 80 tuliyoikuta bafuni. Tarehe 19 uniti zimekwisha.

Fundi wa kwanza kasema tenki halina kosa, chumvi ya maji ndiyo inayokula umeme. Wa pili kasema ng'oa tenki, weka shawa za umeme mbili. Shemeji ananiambia niweke sola juu ya bati. Na jirani yangu ana mashine mpya nyuma ya nyumba, inafanana na kile kifeni cha nje cha kiyoyozi, anasema inampa maji ya moto kwa theluthi ya umeme.

Nina akiba ya kununua kitu kimoja, na nataka ninunue mara moja. Wenye uzoefu wa Dodoma hasa, tafadhali. Maji ya hapa yana chumvi, si kama ya Moshi.

#2 Kipupwe
Dada umeuliza swali langu. Niko Iyumbu, upepo wa alfajiri unapita chini ya mlango kama mgeni aliyealikwa. Nakaa hapa nisome.

#3 Fundi Mabomba Kizota
Mama, kabla hujang'oa chochote nijibu. Hita ni ya wati ngapi? Linawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi? Themostati imewekwa nyuzi ngapi? Maji ni ya bomba au kisima?

#4 Mama Wawili Nzuguni
Fundi, kwenye kibandiko imeandikwa 1500. Haizimwi, iko wazi usiku na mchana, nilidhani inajizima yenyewe yakishachemka. Themostati hata sijui ilipo. Maji ni ya bomba, lakini siku za mgao najaza simtanki kutoka kisima cha jirani. Ya kisima ukifua nguo sabuni haitoi povu.

#5 Mwalimu wa Fizikia
Mama Wawili, ngoja tuanze na hesabu, maana mafundi wote wawili wamekupa majibu bila namba.

Lita moja ya maji, kuipandisha nyuzi moja ya joto, inataka wati-saa 1.16. Huo ni mwili wa maji wenyewe, hakuna mashine inayoubadilisha. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 20, ukitaka yafike 42 ya kuogea, ni 20 mara 22 mara 1.16. Unapata wati-saa 510, yaani nusu uniti na kidogo. Sasa watu watano, ndoo moja kila mmoja kwa siku, ni uniti 2.5. Kwa siku 30 ni uniti 75.

Soma tena hapo. Kuoga peke yake kumemeza kiwango chako chote cha uniti 75, kabla hujawasha taa, friji wala pasi. Kwa hiyo ukibadilisha tenki kwa shawa au shawa kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, bado unanunua joto lilelile kwa umeme uleule. Ukiacha gesi na mkaa, kuna njia mbili tu za kukwepa: joto litoke juani, au litoke kwenye hewa. Ndiyo sola na ndiyo ile mashine ya jirani yako, yaani hitipampu.

#6 Dereva wa Singida
Nilidhani kiwango cha bei nafuu ni uniti 50.

#7 Bint Kondoa
Dereva, ilikuwa 50 zamani, sasa ni 75 kwa mwezi. Ndani ya hizo 75 uniti ni shilingi 100, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti) 1 inakuwa 122. Inayozidi 75 inahesabiwa 350 kabla ya kodi, ukiongeza kodi ni 427. Na walioko kundi la kawaida ni 292, na kodi zake 356 hivi. Kwa hiyo Mama Wawili hajaongeza matumizi tu, ameruka ukuta. Uniti ya 76 ina bei ya uniti tatu na nusu za mwanzo.

#8 Mama Wawili Nzuguni
Bint Kondoa asante, hapo nimeelewa kwa nini elfu kumi ya mwisho ilinipa uniti kiduchu. Nilidhani mashine ya LUKU imekosea. Na ile 1,500 ya kodi ya jengo ilikuwa imeshakatwa.

#9 Fundi Mabomba Kizota
Mwalimu hesabu yako safi, ila umesahau tenki linavyopoteza. Tenki la lita 80 likiwa wazi saa 24 linapoa kupitia ganda lake, linajiwasha, linapoa, linajiwasha. Hata kama hakuna aliyeoga utakuta uniti moja hadi mbili zimekwenda kwa siku, inategemea povu la ndani limewekwa nene kiasi gani na themostati iko nyuzi ngapi. Kwa mwezi hapo ni uniti 30 hadi 60 za kupasha ukuta wa bafu. Mama, anza kwa kulizima. Liwashe saa kumi na moja asubuhi, lizime saa moja. Jioni vivyo hivyo.

Halafu ule mfuniko wa chini ufungue (zima breka kwanza, si swichi tu), utaona kidude cha duara chenye namba. Kama kiko 75 kirudishe 55. Juu ya 60 chokaa ya maji yetu inaganda haraka sana.

#10 Mzee wa Zabibu
Fundi amesema kweli kuhusu chokaa lakini hajaonyesha. Mimi niko Hombolo, natumia kisima. Mwaka jana nilifungua hita langu baada ya miaka miwili. Koili ambayo ilikuwa nyembamba kama kidole cha mtoto niliikuta nene kama gunzi la muhindi, nyeupe, ina magamba. Niligonga kwa bisibisi yakadondoka mabamba kama ya kobe. Chini ya tenki nilichota kwa mkono ndoo ndogo nzima ya mchanga mweupe. Na ile fimbo ya magnesi inayowekwa ndani ili iliwe badala ya tenki ilikuwa imebaki waya.

Kwa hiyo fundi wa kwanza wa Mama Wawili hakukosea. Chumvi inakula umeme.

#11 Mwalimu wa Fizikia
Mzee shikamoo. Hapo naomba tubishane kidogo kwa heshima. Koili imezama ndani ya maji. Joto linalotoka humo haliendi kwingine, litapita kwenye gamba polepole lakini litaishia kwenye maji. Gamba linafanya koili yenyewe iwe ya moto kupita kiasi mpaka inapasuka. Unapoteza koili, hupotezi uniti nyingi. Ingekuwa gesi au sola, hapo ndiyo, gamba likizuia joto lisiingie majini moto unaishia hewani.

#12 Mzee wa Zabibu
Marahaba mwalimu. Mimi nilipobadilisha koili na kusafisha, uniti zilipungua. Nina daftari.

#13 Mwalimu wa Fizikia
Inawezekana mzee, ila ulipolifungua pia ulishusha themostati? Na mchanga ulipotoka tenki likarudi kubeba lita zake.

#14 Mzee wa Zabibu
Themostati nilishusha, ndiyo. Lakini daftari ni daftari.

#15 Kipupwe
Mzee na mwalimu mkimaliza mtuambie. Mimi nitakunywa chai ya tangawizi nikisubiri.

#16 Umeme wa Kikuyu
Mimi ni fundi umeme, niko Kikuyu. Naona hamjagusa kinachoniogopesha. Fundi wa pili kamwambia Mama aweke shawa mbili. Shawa ya wati 5500 kwa volti 230 inavuta ampea 24. Nyumba nyingi za kupanga na hata za kujenga nazikuta bafuni kuna waya wa milimita 2.5 uliopitishwa pamoja na wa soketi. Waya huo utapata moto ndani ya ukuta. Shawa inataka waya wake peke yake kutoka kwenye mein switchi, milimita 4 ukiwa karibu, mimi nafunga 6, na breka ya 32.

La pili ni arthi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Hizi shawa zilibuniwa Brazil, na nyingi koili yake imelala uchi ndani ya maji yanayokuogesha. Maji laini hayapitishi umeme sana. Maji yetu ya chumvi yanapitisha. Ndiyo maana watu wa Dodoma wanasema "bomba linanitekenya". Kule si kutekenywa, ule ni umeme unaovuja ukitafuta ardhi kupitia kwako. Kama hakuna arthi ya kweli na ile breka inayokata umeme ukivuja, usimpeleke mtoto humo. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo waya wa arthi ulikuwa umekatwa na kufichwa nyuma ya boksi kwa sababu "breka ilikuwa inadondoka kila mara". Breka ilikuwa inasema ukweli.

#17 Mama Wawili Nzuguni
Umeme wa Kikuyu umenitia hofu, na nashukuru. Mwanangu mdogo aliwahi kusema bomba "linauma". Nilimwambia ni baridi.

#18 Umeme wa Kikuyu
Mama, leo usiku zima breka ya hita kabisa, chemsheni kwa gesi. Kesho fundi apime arthi. Usisubiri mjadala huu uishe.

#19 Dereva wa Singida
Natoa ya kwangu. Nina shawa ya umeme, tuko wawili, sina malalamiko. Dakika saba unaoga, ni kama uniti 0.65. Mwalimu alisema ndoo ni 0.5, basi tofauti ni ndogo. Hakuna tenki linalopoa, hakuna maji ya moto yanayobaki kwenye bomba. Ila kwa mwenye vijana, pole. Mpwa wangu alikuja likizo, anaoga dakika 25 akiimba. Hiyo ni uniti 2.3 kwa wimbo mmoja.

#20 Bint Kondoa
Mama Wawili hujasema watoto wako wana miaka mingapi. Huenda jibu lako liko hapo na si kwenye chumvi.

#21 Mama Wawili Nzuguni
Mkubwa ana 16. Anaimba pia.

#22 Fundi Mabomba Kizota
Dereva, na presha je? Shawa inataka maji yasukume. Kila mita 10 za kimo ni ba moja (kipimo cha presha). Simtanki likiwa kwenye mnara wa mita 3 juu ya shawa unapata 0.3 tu, na bomba likiwa refu lenye kona nyingi hata hiyo haifiki. Shawa haijiwashi, au inajiwasha na kuzima. Watu wanabadilisha shawa tatu wakati kosa ni mnara.

#23 Msaka Jua
Nimechelewa uzi mzuri. Mimi nafunga sola za maji Dodoma na Singida, nina maslahi, nasema mapema.

Watu wanadhani sola ni ya joto na baridi ikija haifanyi kazi. Kwa hapa kwetu ni kinyume. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili. Juni na Julai, wakati tunatetemeka, anga ni bluu kuanzia asubuhi hadi jioni. Msimu unaohitaji maji ya moto ndio msimu wa jua safi. Watu wa Njombe wana ukungu, sisi hatuna. Sola ya lita 200 yenye vioo vya ombwe (mirija ya kioo cha kuta mbili, katikati hakuna hewa) itakupa maji ya kuunguza saa tisa alasiri mwezi wa saba.

Lakini lazima ielekee kaskazini. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na Juni jua liko upande wa kaskazini, saa sita mchana limeinama kama nyuzi 30 kutoka utosini. Nimepanda nyumba moja Miyuji, mwenye nyumba analalamika maji vuguvugu, nikakuta paneli zinatazama kusini, kuelekea Iringa. Fundi alijifunza kwenye video ya Ulaya, na kule wanaelekeza kusini kwa sababu wako upande wa pili. Tuligeuza fremu, maji yakachemka.

#24 Mhehe Mstaafu
Kuelekea Iringa ni vizuri siku zote.

#25 Mgogo wa Mvumi
Mtani nimekuona. Kwa ushauri kuelekea Iringa, kwa jua kuelekea Kondoa.

#26 Kipupwe
Msaka Jua, na chumvi? Jirani yangu Iyumbu aliweka ya vioo, mwaka wa tatu imekufa.

#27 Msaka Jua
Swali zuri. Kuna aina mbili na wauzaji hawasemi. Ya kwanza maji yenyewe yanaingia ndani ya kioo. Rahisi, inafanya kazi, lakini kioo kimefungwa chini, kila kinachozama kinabaki humo. Nimewahi kuchomoa kioo cha miaka mitatu Chang'ombe, nikakiinamisha, ikatoka tope nyeupe nzito kama uji wa ulezi uliopoa, nusu ya kioo ilikuwa imejaa. Hapo jua linapasha tope.

Na aina hiyo ina ugonjwa mwingine: mgao. Maji yakikatika, tenki likaisha, vioo vinabaki vikavu juani mpaka nyuzi zaidi ya 200. Saa nane maji yanarudi, yanaingia baridi kwenye kioo cha moto. Kinapasuka, pa! Kimoja kikipasuka tenki zima linamwagika juu ya bati.

Ya pili ina mrija wa shaba ndani ya kioo, kioo hakiguswi na maji. Mrija unabeba joto mpaka kwenye tenki. Kioo kikivunjika maji hayamwagiki. Chokaa bado itaganda kwenye vichwa vya mirija, lakini polepole. Bei inapanda. Kwa maji ya kisima mimi sifungi ile ya kwanza tena, hata mteja akitaka.

#28 Mzee wa Zabibu
Na zile bapa, za bati jeusi chini ya kioo kimoja?

#29 Msaka Jua
Ni imara mzee, nyingine zinafika miaka 20. Udhaifu wake kwetu ni upepo, zinapoa zaidi kuliko vioo vya ombwe. Na mirija yake ya shaba ni myembamba, chokaa ikiziba kusafisha ni kazi. Zipo ambazo zinazungusha dawa maalumu badala ya maji, hizo kwa Dodoma ndizo ningeweka kwangu.

#30 Jirani wa Ntyuka
Mimi ndiye mtu wa hitipampu (si jirani wa Mama, mimi niko Ntyuka). Nimetumia miezi 14. Nieleze inavyofanya kazi maana watu wanadhani ni uchawi.

Ni friji iliyogeuzwa. Friji linachukua joto la ndani na kulitupa nyuma, weka mkono nyuma ya friji lako utalisikia. Hii inachukua joto la hewa ya nje na kulitupa kwenye tenki. Umeme haupashi maji moja kwa moja, unazungusha kompresa tu. Kwa uniti moja ya umeme unapata joto la uniti tatu, mchana wa joto hata zaidi. Ndiyo ile theluthi aliyosikia Mama. Mwalimu, kwenye hesabu yako uniti 75 zinakuwa 25.

Mimi nimeiweka ifanye kazi saa saba hadi saa kumi mchana tu, hewa ikiwa na joto. Alfajiri ya Julai, nyuzi 13 au 14, bado inafanya kazi lakini inavuta zaidi.

Ubaya wake niseme pia. Niliinunua milioni 4 na ushee pamoja na ufungaji. Vumbi la Dodoma linaziba mapezi ya nyuma, kila mwezi napuliza kwa brashi laini. Na siku kibao cha umeme kilipokufa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, nilikaa wiki tatu nikingoja kipuri. Sasa nina kilinda-volti.

#31 Bint Kondoa
Milioni 4 kwa kuokoa uniti 50 kwa mwezi. Hata ukilipa 427 kwa kila moja ni kama elfu 21. Miaka 15 na zaidi kurudisha pesa.

#32 Jirani wa Ntyuka
Sisi tuko tisa, pamoja na wageni wa msimu wa Bunge. Hesabu yangu ni nyingine. Lakini kwa watu watano nakubaliana nawe.

#33 Kijana wa Paneli
Kwa nini asiweke paneli za umeme wa jua, achomeke hita lake lilelile? Anapata na taa.

#34 Msaka Jua
Paneli ya umeme inageuza takriban asilimia 20 ya jua, ya maji inakamata nusu au zaidi. Kwa joto tu utahitaji eneo mara mbili au tatu. Ingawa paneli haijui chumvi wala mgao wa maji, hilo nakupa.

#35 Mgogo wa Mvumi
Mbukwenyi. Nimesoma kote, nataka niseme jambo lililo pembeni kidogo. Bibi yangu Mvumi alilala kwenye tembe mpaka mwisho wa maisha yake, na Julai hatukuwa tunatetemeka. Kuta za miti na udongo mnene, paa tambarare la udongo juu ya magogo, dirisha dogo kama kitabu. Jua linapiga mchana kutwa, joto linaingia polepole, na linafika ndani usiku wakati unalihitaji. Zizi liko katikati, ng'ombe nao wanapumua. Leo tunajenga tofali la inchi 5, bati juu, dirisha kubwa la aluminiamu, halafu tunanunua mashine ya kupasha. Bati usiku linatupa joto lote angani, alfajiri lina baridi kuliko hewa yenyewe.

Sisemi turudi. Nasema dari ya gipsamu iliyowekewa sufi juu yake, na kuziba upenyo wa chini ya mlango wa Kipupwe, ni hita pia.

#36 Mhehe Mstaafu
Mtani leo umesema. Ila tembe lilikuwa na moshi, macho ya bibi zetu yaliteseka.

#37 Mgogo wa Mvumi
Ni kweli. Bibi alikuwa haoni vizuri jicho la kushoto.

#38 Muuguzi wa Makole
Kwa kuwa mmetaja moshi. Naomba sana, kila Juni tunapokea watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wakafunga mlango na dirisha. Mkaa ukishawaka hautoi moshi unaouona, lakini unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Unaanza na kichwa kuuma na usingizi, na usingizi huo ndio hatari. Mwaka fulani walikuja mama na mtoto wa miezi minne, mama alipona. Tafadhali. Mfunikeni mtoto blanketi la pili, mkaa ubaki nje.

Na zile hita za gesi za kufunga bafuni ni vilevile, zinatakiwa zifungwe nje au ziwe na bomba la kutoa hewa. Nimeona zinafungwa ndani ya bafu lenye kidirisha cha sentimita 30.

#39 Mama Wawili Nzuguni
Muuguzi nimesoma mara mbili. Asante. Nimemtumia dada wa kazi na mama mwenye nyumba ya pili.

#40 Mkulima wa Kibaigwa
Kwa asiye na milioni. Nilinunua mpira mweusi wa maji wa robo tatu, mita 50, nikauzungusha kama chapati juu ya bati upande wa kaskazini. Mita 50 zinabeba kama lita 15. Saa nane mchana yanayotoka huwezi kushika. Watoto wanaoga saa kumi jioni wakitoka shule, imeisha hiyo. Usiku hauna kitu, ni ya mchana tu. Lakini ndoo mbili tatu kwa siku zimetoka kwenye LUKU, na chokaa ikiziba mpira nakata kipande natupa.

#41 Mwalimu wa Fizikia
Mkulima, wewe umetatua nusu ya swali la Mama Wawili kwa bei ya mpira. Kuoga jioni badala ya alfajiri ni mashine pia.

#42 Kipupwe
Mimi nikioga jioni, asubuhi kwenye daladala ya Mtumba nitajulikana. Lakini watoto sawa.

#43 Mama Wawili Nzuguni
Narudi na taarifa, zimepita siku tisa.

Fundi umeme kapima: arthi haikuwepo. Waya wa kijani ulikuwa umefika kwenye boksi la bafuni ukaishia hewani, haukufungwa popote. Amezamisha fimbo mpya ya shaba nje, kamwaga maji, kaweka na breka ya kukata. Mwanangu anasema bomba haliumi tena. Nililia kidogo, niseme ukweli.

Tenki tumelifungua. Themostati ilikuwa 75, kama Fundi Mabomba alivyobashiri. Koili ina gamba la nusu sentimita. Tumeliloweka kwenye maji ya unga wa asidi ya ndimu usiku mzima, limetoka. Sasa tunawasha kwa muda wa saa mbili asubuhi na kwa muda wa saa moja na nusu jioni.

Kabla: uniti 4.6 kwa siku kwa nyumba nzima. Sasa: 3.4. Sijui ni gamba, ni themostati, ni kuzima, au ni yule wa miaka 16 ambaye nimemwekea saa ya jikoni mlangoni.

#44 Mzee wa Zabibu
Ni gamba.

#45 Fundi Mabomba Kizota
Ni kuzima.

#46 Mwalimu wa Fizikia
Mama, ungebadilisha kimoja kimoja tungejua! Lakini hongera.

#47 Umeme wa Kikuyu
Na mimi naongeza: koili yenye ufa mdogo pamoja na maji ya chumvi huwa inavujisha umeme, na mita inahesabu hata unaovuja. Sehemu ya hiyo 1.2 inaweza kuwa ilikuwa inaingia ardhini.

#48 Mama Wawili Nzuguni
Haya, sababu sasa ni tano. Lakini 3.4 kwa siku bado ni uniti 102 kwa mwezi, bado nimevuka 75. Naelekea kwenye sola ya mrija wa shaba, lita 200. Msaka Jua umesema Jumamosi utakuja kuangalia bati?

#49 Msaka Jua
Nitakuja. Ila nijibu leo: kenchi zako ni mbao gani? Lita 200 ni kilo 200 kabla ya tenki na fremu, na upepo wa Nzuguni unanyanyua.

#50 Mama Wawili Nzuguni
Sijui. Ngoja nipande darini na tochi.

#51 Mama Wawili Nzuguni
Nimeshuka. Ni 2 kwa 3, na zimepishana karibu hatua moja na nusu.

#52 Msaka Jua
Basi bati lisibebe kitu. Jumamosi nakuja na futi, tuangalie kama mnara wa simtanki una nafasi ya ghorofa ya pili. Umejengwa kwa chuma au tofali?

#53 Mama Wawili Nzuguni
Tofali. Nguzo nne, zege juu, futi kumi hivi.

#54 Fundi Mabomba Kizota
Na mimi nakuja. Nataka kuona ule mnara.